ANICETI KITEREZA: MZEE WA UKEREWE ALIYEANDIKA HABARI ZA KIFO, KITABU KIKAFIKA AKIWA KABURINI

Leo naomba siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Nataka kumwongelea mzee mmoja wa huku huku kwetu ziwani ambaye vijana wengi hatumjui, wakati Wajerumani na Wafaransa wanamsoma kwa lugha zao. Anaitwa Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, akafariki 1981. Aliandika kitabu cha kurasa zaidi ya 600 kuhusu mtu na mke wake waliokuwa wanatafuta mtoto, na hicho kitabu hakuwahi kukishika kikiwa kimechapwa.

Sababu ya kumleta hapa ni hii. Kuna siku tulikuwa msibani, tumekaa kwenye mabenchi usiku kama kawaida, moto unawaka, wengine wanacheza karata. Jamaa mmoja akauliza swali ambalo lilinikaa kichwani. Akasema, hivi ukiacha Biblia na Kurani, kuna kitabu cha Kiswahili mtu anaweza kusoma akiwa amefiwa? Watu wakacheka. Mmoja akasema sisi msiba tunakula ubwabwa, hatusomi. Lakini jamaa alikuwa anauliza kweli, maana aliyekuwa ndani ya jeneza alikuwa kaka yake.

Basi nikaanza kufikiria. Vipo vitabu, wadau. Shaaban Robert alimwandikia shairi mke wake Amina baada ya kufariki, na mtu aliyepita sekondari anaweza kuwa alikutana nalo. Huko pwani ya Kenya kuna Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambapo mshairi anausema moyo wake mwenyewe na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, matajiri wake wote wameshaingia mchangani. Ni kazi kubwa, na Kiswahili chake ni cha zamani, unahitaji mtu wa kukuelekeza. Huko Ulaya Tolstoy alishaandika mwaka 1886 hadithi ya hakimu anayekufa polepole huku watu wa nyumbani kwake wanajifanya haumwi sana. Na mwaka 1969 daktari mmoja, Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa anafanya kazi Marekani, alitoa kitabu kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Kitabu kile kiliwashtua madaktari, kwa sababu kwao kumwambia mgonjwa kwamba anakufa lilikuwa jambo la kukwepa.

Sasa, kipindi hicho hicho, mwishoni mwa miaka ya 1960, kisiwani Ukerewe kulikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu, maradhi ya viungo yanamsumbua, anatafsiri kitabu chake mwenyewe kutoka Kikerewe kwenda Kiswahili. Kitabu ambacho watoto wawili wa hadithi wamepewa majina ya kifo na huzuni. Yeye ndiye jibu langu kwa yule jamaa.

Kwa msiojua, Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya ziwa barani Afrika. Ukitoka hapa Misungwi unapanda gari mpaka Mwanza mjini, kilometa kama 45, halafu unapanda meli kwenda Nansio. Au unazunguka na Bunda mpaka Kisorya unavuka na kivuko. Wakerewe wanaongea Kikerewe, ambacho kinafanana na Kihaya na Kijita kuliko Kisukuma chetu. Walikuwa na watawala wao wakiitwa Omukama. Kitereza ni mtu wa ukoo huo wa kitawala, babu yake alikuwa Omukama Machunda aliyefariki miaka ya 1860. Lakini mambo ya ikulu za zamani yalikuwa na fitina kama za sasa. Baada ya Machunda akatawala Rukonge, na baba yake Kitereza akajikuta uhamishoni upande wa Usukuma. Kwa hiyo mtoto alizaliwa ugenini, kwetu huku.

Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Rukonge, akawekwa Mukaka. Baba yake Kitereza akafariki wakati mtoto bado mdogo, na mama akarudi naye Ukerewe, wakapokelewa kwa Mukaka. Hebu piga picha: mtoto hana baba, yuko kwenye nyumba ya mtawala ambaye ni ndugu, wakoloni ndo wameingia, na mapadri wa White Fathers wameshajenga misheni pale Kagunguli. Mwaka 1905 akaanza shule pale misheni. Akabatizwa, akaitwa Aniceti.

Mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, kule Bukoba. Alikaa karibu miaka kumi. Alisoma Kilatini, akasoma Kijerumani na lugha nyingine, kiasi kwamba uzeeni bado wageni walikuwa wanamshangaa. Wakati yuko huko Vita Kuu ya Kwanza ikapita. Waingereza wakaichukua Mwanza mwaka 1916, na nchi ikabadilika mwenyewe. Lakini upadri haukutimia. Mwaka 1919 alitoka, akamwoa Anna Katura.

Hapa ndipo naomba msome taratibu.

Aniceti na Anna hawakubaki na mtoto. Walizaa, watoto hawakuishi. Wazee wetu wanajua maana ya hilo kwa mwanamume wa ukoo mkubwa, miaka ile ya 1920. Ndugu wa mume wanaanza kuongea. Wanauliza jina litabebwa na nani. Wanamwangalia mke kama ndiye mwenye kosa. Dawa iliyokuwa inajulikana na kila mtu ni kuoa mwingine. Kitereza alibaki na Anna. Wapo watakaosema ni kwa sababu ya ukatoliki wake, na sikatai, alikuwa mkatoliki kweli kweli. Ila wakatoliki wangapi tunawajua wamekaa kanisani Jumapili na Jumatatu wana nyumba ndogo kwa ajili ya mtoto? Mimi nadhani alimpenda. Ni maoni yangu, mnaweza kunipinga.

Maisha yake ya kazi sitayapa nafasi kubwa. Alifanya kazi za ukarani na biashara, baadaye akarudi kufanya kazi na misheni. Alikusanya hadithi za Wakerewe, methali, historia ya watawala, akasaidia tafsiri za mambo ya dini kwenda Kikerewe. Pale misheni alikuwepo padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyependa lugha na mila za watu wa pale, ndiye aliyemtia moyo aandike. Kitereza aliona kitu ambacho hata sisi tunakiona: vijana wanasahau. Wanajua sala za Kilatini, hawajui babu yao alikuwa anatengenezaje mtumbwi. Akawa anataka kuyaandika yale maisha kabla wazee wenye kuyajua hawajaisha. Angeweza kuandika orodha tu ya mila, kama mtu wa makumbusho. Yeye akaamua kuyatia kwenye hadithi ya mtu na mkewe.

Akamaliza mwaka 1945. Wakati huo Vita ya Pili inaisha, dunia nzima inahesabu wafu, na huku Kagunguli mzee mmoja amemaliza kuandika hadithi ndefu kwa lugha inayosemwa na watu wa visiwa vichache.

Jina la kitabu kwa Kiswahili ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Refu, najua. Ni jina la familia nzima, kama vile mnavyoandika kwenye kadi ya harusi. Hadithi inatokea zamani kabla wazungu hawajafika kisiwani. Myombekere na Bugonoka wamepoteza, wamebaki bila mtoto, na ndugu wa mume wanamsema vibaya Bugonoka. Wazazi wake wanakasirika, wanamchukua binti yao wanarudi naye nyumbani. Myombekere hakubali kumwacha. Anakwenda kwa wakwe kuomba msamaha, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi ndipo wamrudishie mke. Na Kitereza hatakuambia tu kwamba alipeleka pombe. Anakuonyesha jinsi pombe inavyotengenezwa, ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anasaidia, mpaka unajikuta unasubiri iive pamoja nao. Wengine wanalalamika kwamba hapo anachosha. Kuna kurasa niliruka na mimi, sitawadanganya.

Halafu wanatafuta mganga. Dawa zinaelezwa, miiko inaelezwa, na mwandishi ambaye alikuwa nusura awe padri hamcheki mganga hata kidogo. Mganga ni fundi anayefanya kazi yake. Bugonoka anapata mimba. Anazaliwa mtoto wa kiume, wanamwita Ntulanalwo.

Ntulanalwo maana yake ni mtu anayekaa nacho muda wote, yaani kifo. Kiko naye. Baadaye anazaliwa wa kike, Bulihwali, na jina lake ni swali: huzuni itaisha lini.

Niliposoma maana ya hayo majina nilikaa kimya. Maana sisi tunaojiona wa kisasa, mtoto akizaliwa baada ya wengine kufa tunakimbilia kumwita Baraka, Neema, Faraja, tunafunga mlango haraka. Wazee walikuwa wanaweka msiba ndani ya jina la mtoto, na mtoto anaitwa hivyo kila siku, akiitwa kula, akiitwa kulala, akifokewa. Huku Usukumani tunao akina Shida, akina Tabu, akina Masumbuko, na darasani tulikuwa tunawatania. Hakuna aliyekuwa anajiuliza mama yake Masumbuko alikuwa amezika wangapi kabla yake.

Sasa niseme la nyumbani kwetu, na dada kaniruhusu.

Dada yangu anayenifuata kwa juu ameolewa hapa hapa wilayani. Amezika watoto wawili, mmoja wa siku tatu, mwingine wa miezi minne. Yule wa siku tatu alizikwa na wanawake wachache, haraka, bila matanga. Hata turubai halikufungwa. Watu walimwambia dada asilie sana, yeye bado kijana atazaa tena, ni mipango ya Mungu. Walikuwa wanamtakia mema, silaumu. Lakini dada akawa haongei. Anauza dagaa wake pale sokoni, anarudishia watu chenji, anarudi nyumbani, kimya. Upande wa shemeji kukaanza kusikika maneno yale yale ya ndugu zake Myombekere. Shemeji mwenyewe aliyakataa, ni mtu mzuri yule, ila maneno yakishasikika yameshasikika.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri nisichokijua. Kuna mwalimu mstaafu jirani yetu ana kabati la vitabu, panya wamefanya yao lakini kabati lipo. Nilikuwa namchotea maji, yeye ananiazima. Ndipo akanipa hicho cha Kitereza, toleo la 1980 la Tanzania Publishing House, gamba limetoka, kimefungwa kwa uzi wa viatu. Akaniambia huyu ni mtu wa ng'ambo ya maji hapo tu.

Nikaanza kumsomea dada jioni akiwa anachambua dagaa. Sikuwa na mpango wowote. Nilisoma kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na yeye alikuwa na taa. Tulipofika kwenye majina ya watoto, dada akaacha kuchambua. Akaniuliza huyu mwandishi mwanamke? Nikamwambia hapana, mwanaume, na wa kwake wote walikufa. Akasema rudia hapo. Nikarudia.

Halafu akaniambia kitu ambacho miezi yote ile hakuwa amesema. Yule wa siku tatu alikuwa amempa jina. Hakumwambia mtu, hata mume wake, kwa sababu aliona watu wanamzika kama asiye na jina. Akalitaja. Sitaliandika hapa, ni lake.

Baadaye nilimsimulia pia kidogo kuhusu yule daktari wa mwaka 1969. Wengi wanamjua kwa zile hatua zake tano, kwamba mtu kwanza anakataa, kisha anakasirika, kisha anajaribu kupatana na Mungu, kisha anavunjika moyo, halafu anakubali. Yeye mwenyewe alizipata kwa wagonjwa waliokuwa wanakufa, watu ndo wakazibandika kwa waliofiwa pia, na baadaye hata yeye akaeleza kwamba haziendi kwa foleni kama ngazi. Dada alisikiliza, akasema hizo ni za mtu mwenye nafasi ya kukaa. Mimi nadhani daktari alifanya jambo kubwa, kuwasikiliza wanaokufa wakati wengine wanawafungia mlango. Lakini namwelewa dada. Kitereza hampangii mtu hatua. Kwake watu wamefiwa na wanakwenda shamba, wanakwenda kuvua, wanagombana na wakwe, wanapika. Kifo kimekaa humo ndani ya kazi kama mtu wa nyumbani. Bugonoka hafundishwi na mtu yeyote jinsi ya kukubali.

Na kumbukeni alikuwa anaandika nani. Huyu ni mtu wa kizazi kilichokutana na ndui, ugonjwa wa malale ukipita kando ya ziwa, njaa, vita mbili za wazungu. Baba kafa mapema. Watoto wamekufa. Angeweza kuandika kitabu cha kilio mwanzo mpaka mwisho na hakuna ambaye angemshangaa. Amejaza kitabu vichekesho, watu wanataniana, wanalewa, wanapiga porojo. Kwenye hadithi amewapa Myombekere na Bugonoka kile ambacho yeye na Anna hawakupata. Wamepata wawili, wa kiume na wa kike, wakakua. Lakini hata alipowapa, hakuthubutu kuwaita Baraka na Neema. Hapo ndo naona ukweli wa huyu mzee.

Turudi kwenye kitabu chenyewe, maana safari yake ni msiba mwingine. Padri Simard alijitahidi, akafariki kabla kazi haijapata wa kuichapa. Nani angechapa kurasa mamia za Kikerewe? Soko liko wapi? Miaka ikapita, uhuru ukaja 1961, Azimio la Arusha likaja 1967, karatasi za mzee ziko ndani tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akafika Mmarekani mmoja mwanahistoria, Gerald Hartwig, na mke wake Charlotte, kufanya utafiti wa historia ya Wakerewe. Kila walipouliza habari za zamani wakaelekezwa kwa Kitereza. Ndipo wakagundua mzee ana kitabu. Walimshauri akitafsiri kwa Kiswahili, maana serikali ilikuwa inakisukuma Kiswahili na hapo kuna uwezekano wa kupata mchapishaji.

Akakaa akaanza upya. Fikiria wewe umeandika kitu kwa mkono ukiwa na miaka chini ya hamsini, robo karne imepita, viungo vinauma, halafu unaambiwa kiandike chote tena kwa lugha nyingine. Sisi insha ya kurasa mbili tulikuwa tunakopiana. Akakitafsiri chote. Wanaojua wanasema Kiswahili chake kina harufu ya Kikerewe, sentensi zimekaa tofauti kidogo na za watu wa pwani, na mimi nimeliona hilo. Halinisumbui. Huku kwetu hakuna anayeongea kama mtu wa Unguja.

Mwaka 1972 akina Hartwig wakaandika makala juu yake kwenye jarida la wasomi la Marekani, kwa hiyo kuna watu Marekani walimjua Kitereza kama mwandishi wakati Mwanza mjini hakuna duka lililokuwa na kitabu chake. Kitabu kikachelewa tena. Kikaandikwa mwaka wa kuchapwa 1980. Nakala zikafika 1981, na mzee alikuwa ameshafariki mwaka huo huo, muda mfupi tu kabla. Miaka 36 tangu alipomaliza maandishi ya kwanza.

Hilo linaniuma kuliko yote na sina maelezo nalo. Watu hupenda kusema hakuna kinachopotea, kazi njema hulipwa. Hapana. Alitakiwa akishike. Hata dakika tano.

Baada ya hapo kitabu kikaanza kutembea. Mjerumani Wilhelm Möhlig akakitafsiri, kikatoka kwa vipande viwili, 1991 na 1993. Kifaransa nacho kikafuata miaka ya 1990. Kiingereza kikaja 2002, kimetolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na aliyetafsiri ni Gabriel Ruhumbika, mtu wa ukoo huo huo wa Ukerewe, mwenyewe mwandishi, ndiye aliyeandika Miradi Bubu ya Wazalendo. Ruhumbika hakupitia Kiswahili, alirudi kwenye maandishi ya Kikerewe moja kwa moja. Ndo maana mdau mmoja aliniambia cha Kiingereza ni tofauti kidogo na cha Kiswahili, na kweli kinaweza kuwa tofauti, vimetoka kwenye mikono miwili.

Najua kuna watakaouliza kwenye maoni hapo chini, kwa nini nashughulika na wafu wakati vijana hatuna ajira. Sawa. Lakini watu wa ziwa hili hatuwezi kujifanya hatujui kifo. Mei 1996 MV Bukoba ilizama hapo karibu kabisa na Mwanza, wakafa mamia ya watu, na kuna familia huku hazikupata hata mwili wa kuzika. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikiwa inakaribia Ukara, huko huko wilaya ya Ukerewe, watu zaidi ya 220 wakafariki, wengi wao wanatoka gulioni. Baada ya siku za maombolezo bendera zinapandishwa, redio zinarudisha muziki, na kila mtu anabaki na wake nyumbani. Hapo hakuna kamati. Mtu anahitaji kitu cha kukaa nacho usiku, wengine wanakipata kwenye sala, wengine kwenye kwaya, na naamini wengine wanaweza kukipata kwenye kitabu. Tatizo ni kwamba vitabu hivyo havijulikani na havipo madukani. Ukiingia duka la vitabu Mwanza utaoneshwa vya mitihani na vile vya jinsi ya kuwa tajiri.

Tahadhari kwa atakayekitafuta: kinaanza taratibu. Usikisome kama hadithi za magazeti za mapenzi, utakitupa. Majina ni magumu mwanzoni, yaandike pembeni. Na kama uko msibani sasa hivi, usijilazimishe kukimaliza, soma sehemu yoyote, hata ile ya pombe ya ndizi. Dada yangu sehemu anayoipenda ni ya safari za Myombekere kwenda ukweni, anacheka mpaka anafuta machozi jinsi jamaa anavyonyenyekea.

Kuna jambo moja la mwisho. Nakala ya mwalimu imekatika. Kurasa za mwishoni zilishakwenda, sijui panya au mtoto wa mtu aliwashia jiko. Kwa waliokisoma chote naambiwa hadithi inawafuata Myombekere na Bugonoka hadi uzeeni na hadi mwisho wao, watoto wakiwa watu wazima. Dada anataka kujua walivyozikwa na nani alikuwepo, na hataki kusimuliwa, anataka nimsomee yaliyoandikwa. Kwa hiyo kama kuna mdau Mwanza, Nansio, Dar au popote mwenye toleo la Kiswahili lililo kamili na yuko tayari kuniazima au nikalipie kopi, aniachie ujumbe hapo chini. Nauli ya kulifuata nitachanga.